Kikuba cha Bi Mkubwa na Maua ya Wajapani



Wapenzi wasomaji, katika ukurasa huu nimezoea kueleza makosa ya watu wengine. Mwezi huu yanipasa nieleze la kwangu mwenyewe, kwani nililifanya mbele ya watoto thelathini na mmoja, nao wakaenda nalo majumbani kwao. Wala haifai mwalimu awaachie watoto kosa lake wakalichukua kuwa ni elimu.

Ilikuwa siku ya Jumatatu, baada ya sala ya Alasiri. Niliingia chuoni kwetu hapa Korogwe nikakuta kitu juu ya meza yangu. Lilikuwa bakuli la bati, lile la kawaida la kunywea uji, na ndani yake mna maji kidogo na vijiwe vya mtoni. Katikati ya vijiwe lilisimamishwa tawi moja la mjohoro lenye maua yake ya manjano, nalo limeinama upande mmoja kama mti uliozoea kupigwa na upepo. Chini yake palikuwa na jani moja pana, na kando ya jani ua moja la asumini, basi. Zaidi ya nusu ya bakuli ilikuwa tupu, maji matupu yanayong'aa kwa mwanga wa dirisha.

Nikauliza, "Nani aliyeweka hiki hapa?" Akasimama binti mmoja wa miaka kumi na minne, mtoto mtulivu, msomaji mzuri. Akasema, "Ni mimi, Mwalimu. Nimekuletea." Akaeleza kwamba aliona katika simu ya kaka yake wanawake wa Japani wakipanga maua namna ile, na kazi ile yaitwa ikebana. Kabla sijajibu, kijana mmoja mkubwa akadakia kutoka nyuma: "Mwalimu, hayo ni mambo ya masanamu. Wao huyapanga mbele ya Buda."

Mimi, ndugu zangu, sikujua ikebana ni nini. Lakini mwalimu aliyezungukwa na wanafunzi huona haya kusema kuwa hajui. Nikaamuru bakuli litolewe nje na maua yatupwe. Binti akalichukua kwa mikono miwili, akatoka bila ya kusema neno, nami nikaendelea na somo. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu hakuja. Alhamisi pia hakuja.

Ijumaa baada ya sala nikaenda kwao.

Binti huyo anaishi na bibi yake mzaa mama, mwanamke wa Pangani aliyeolewa hapa Korogwe zamani za mkonge, wakati marehemu mumewe alipokuwa karani katika shamba moja la katani. Umri wake umepita miaka themanini, na macho yake yamefifia hata hamtambui mtu ila kwa sauti. Nilibisha hodi nikaitikiwa. Nikasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu. Karibu ukae. Mjukuu wangu yuko uani, hajambo, hana homa. Ana haya tu."

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenigombeza. Alimwita mjukuu wake alete ungo, nao ukaletwa una asumini ambazo bado hazijafumbuka, vijiti vya mrehani, mawaridi mawili ya uani na kibonge cha uzi mweupe. Akaanza kufunga kikuba mbele yangu kwa kupapasa tu, hali macho yake yakielekea mlangoni. Vidole vyake vilichagua asumini moja moja, vikaacha iliyochubuka na kutwaa iliyo nzima. Kisha akaniuliza:

"Mwalimu, ulipooa, mkeo alivaa nini kifuani?"

Nikasema, "Kikuba, Bi Mkubwa."

"Na nani alikifunga?"

Nikasema sijui, mambo hayo yalikuwa ya wanawake.

Akasema, "Nilikifunga mimi. Mwaka 1996. Shangazi yako aliagiza kutoka Handeni, kwa kuwa mwaka ule kwenu jua lilikuwa kali na maua hayakupatikana. Nikakitia katika jani la mgomba lililoloweshwa, nikampa utingo wa basi. Sasa niambie, Mwalimu wangu, yale maua ya mkeo yalikuwa ya dini gani?"

Sikuwa na jibu. Nikanywa chai yake, nikaomba radhi, nikarudi nyumbani, na usiku ule nikaanza kutafuta habari za jambo ambalo nilikwisha kulihukumu.

Nawaelezeni kwanza habari za kikuba, kwa sababu vijana wengi wa Korogwe na Handeni siku hizi walijua jina tu. Harusi zetu sasa hupambwa kwa maua ya plastiki ya kukodi, ambayo Jumamosi humpamba bibi arusi wa Mombo na Jumapili bibi arusi wa Mkata, na katikati hukaa stoo yakipata vumbi. Hayanuki chochote. Ukiyasogelea hunuka stoo.

Kikuba ni kifungu kidogo cha maua na majani yenye harufu nzuri, kipatacho kiganja cha mkono, ambacho mwanamke hukibana kifuani kwa pini au hukichomeka katika nywele. Mwambao mzima wajua kazi hii, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Pangani na Unguja. Yale maua yakitungwa katika uzi mrefu yakawa kama mkufu wa kuvaliwa shingoni, huitwa koja. Asumini ndiyo inayotangulia, naye asili yake ni Bara Hindi. Ana tabia moja ya ajabu: hufumbuka jioni na usiku. Kwa hiyo mfungaji hodari huchuma vitumba alasiri, vingali vimefumba, akavifunga vikiwa vimelala. Na bibi arusi akiisha kukaa, maua humfumbukia kifuani mwake saa ile ile watu wanapomtazama. Bi Mkubwa aliniambia kuwa mfungaji anayechuma asumini zilizokwisha kufumbuka ni sawasawa na mpishi anayeweka wali mezani siku ya pili.

Pamoja na asumini hutiwa mrehani, ambao majani yake huzuia harufu ya asumini isizidi mno hata ikaumiza kichwa. Hutiwa petali za waridi. Hutiwa langilangi, ua la manjano lenye vidole vinavyoning'inia, ambalo asili yake ni visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, na ambalo ndugu zetu wa Visiwa vya Ngazija hulikamua mafuta na kuyauza Ulaya kwa watengenezaji wa manukato. Hutiwa mkadi, ambao ua lake jeupe huchanwa vipande vyembamba kwa ukucha. Na juu ya yote, akipatikana, hutiwa kilua.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu kilua hakikuletwa na jahazi lolote. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ua lake kwa macho si kitu, mtu aweza kupita chini yake asilitazame. Lakini harufu yake ikishika nguo, nguo hufuliwa na harufu ikabaki. Mwaka 1970 mtaalamu mmoja wa mimea, Mwingereza Bernard Verdcourt, aliuandika mti huu katika vitabu vya elimu akaona kuwa haufanani na jamaa yoyote ya miti iliyokwisha kujulikana, ikambidi aufanyie jamaa yake peke yake. Wataalamu huipa miti majina ya Kilatini. Huu yeye akauita *Mkilua fragrans*, yaani mkilua wenye kunukia. Basi bibi zetu waliokuwa wakifunga vikuba uani ndio waliompa mtaalamu jina, na jina hilo laandikwa leo katika kila kitabu cha mimea duniani.

Na nikiwa katika habari hizo, acheni nitaje na ua jingine, ingawa halimo katika kikuba kwa kuwa halina harufu. Ukisimama hapa Korogwe waiona milima ya Usambara. Katika milima hiyo, kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, huota kimmea kidogo chenye majani yenye malaika na maua ya zambarau. Wakati wa utawala wa Wadachi, mkubwa wa serikali mjini Tanga aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alikiona akakipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akakitangaza. Leo kimmea hicho hukaa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na watu wana vyama vya kukishindania. Nimewauliza watoto wa chuoni kwangu kama wamepata kukiona. Wote hawakupata kukiona, na mimi mwalimu wao nimekiona katika picha.

Turudi kwa Wajapani. Kijana wangu aliyedakia hakusema uwongo. Kupanga maua kwa Wajapani kulianza katika mahekalu yao, ambako makasisi wa dini ya Buda waliweka maua kama sadaka mbele ya masanamu. Chuo chao cha kale kabisa cha kazi hiyo, kiitwacho Ikenobo, kimo katika hekalu la Rokkakudo mjini Kyoto, na habari zilizoandikwa mwaka 1462 zamtaja kasisi wa hapo, Senkei, ambaye watu wa mji walikuwa wakishindana kwenda kuona maua aliyoyapanga. Lakini kijana alijua mwanzo wa habari tu. Kutoka mahekaluni kazi ile iliingia katika majumba ya mabwana wakubwa na askari, na muda mrefu ilikuwa kazi ya wanaume hasa, jambo ambalo wavulana wangu walilisikia kwa mshangao mkubwa. Baadaye, karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho, ikaanza kufundishwa wasichana katika shule. Mwaka 1927 alitokea bwana mmoja, Sofu Teshigahara, akaanzisha chuo cha Sogetsu, akafundisha kwamba maua yaweza kupangwa na mtu yeyote, mahali popote, kwa kitu chochote. Na mwaka 1956, miaka kumi na moja baada ya vita kuu, mwanamke wa Kimarekani aitwaye Ellen Gordon Allen alianzisha mjini Tokyo chama cha kuwakutanisha watu wa mataifa kwa njia ya maua hayo, na leo kina matawi katika nchi nyingi, na wanachama wake ni watu wa dini mbalimbali.

Kazi yenyewe hufanywaje? Mpangaji huchagua matawi matatu. Tawi la kwanza ndilo refu, nalo hupimwa kwa chombo: urefu wake huwa mara moja na nusu hata mara mbili ya upana na kina cha bakuli vikijumlishwa. La pili huwa kama robo tatu ya la kwanza, na la tatu fupi zaidi. Hayasimami wima kama askari; kila moja huinamishwa upande wake, moja mbele, moja kando. Katika baadhi ya vyuo huyaita mbingu, mtu na ardhi. Vikonyo hukatwa ndani ya maji ili visinyonye hewa vikanyauka upesi, na hilo hata ninyi mwaweza kulijaribu leo kwa waridi lolote la uani. Chini huwekwa kibao kizito cha madini chenye misumari mingi ya kushikilia vikonyo. Binti wetu hakuwa nacho, akatumia vijiwe vya mtoni, nami sasa naona kuwa ile ilikuwa akili.

Lakini jambo kubwa kwao ni ule utupu. Sisi tukipewa chombo cha maua hukijaza mpaka kimefurika, na huyo ndiye karimu. Mjapani hukiacha pungufu kwa makusudi, jicho lipate pa kupumzikia. Yasimuliwa habari ya mwalimu wao mmoja wa karne ya 16, Sen no Rikyu, kwamba bustani yake ilijaa maua mazuri mno hata mtawala Hideyoshi akatamani kwenda kuyaona. Alipofika asubuhi akakuta bustani nzima imekatwa, hakuna hata ua moja. Akaingia ndani amekasirika. Na mle ndani, katika chombo kimoja, akakuta ua moja tu. Kama habari hiyo ilitokea hivyo au watu wameipamba, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mimi niliposoma nilikumbuka bakuli la bati na asumini yake moja, nikaona haya upya.

Sasa lile swali lenyewe: je, jambo lililoanzia hekaluni laweza kuingia katika nyumba ya Mwislamu? Mimi ni mwalimu wa alifu kwa kijiti wala si mufti, na mwenye shaka awaendee masheikh. Lakini kanuni moja tulifundishwa tungali wadogo: ibada haifanywi mpaka ipatikane amri yake, ama mambo ya ada na maisha asili yake ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kuyakataza. Kuweka maua mbele ya sanamu kwa kulitukuza ni ibada ya sanamu, na hapo hapana mjadala wowote. Kuweka tawi la mjohoro katika bakuli la uji ili meza ya mwalimu ipendeze ni kitu kingine. Binti hakumtukuza mtu ila mimi, nami sikustahili.

Tena tazameni udi. Udi na ubani huchomwa katika mahekalu ya Wahindi na katika makanisa, na hao Wajapani wana sanaa nyingine nzima ya kunusa harufu ya udi. Hata hivyo hatukuuacha. Twauchoma katika maulidi, twawafukizia wageni, twafukiza nguo za Idi. Hakuna mzee wa Handeni niliyepata kumsikia akisema chetezo kitupwe kwa sababu Baniani naye anacho. Tulitazama makusudio, tukaendelea. Basi kwa nini maua niliyahukumu kwa mizani nyingine? Kwa sababu udi niliuzoea, na ikebana sikuijua.

Na maua yenyewe katika dini yetu hayana uadui. Neno rehani limo ndani ya Qurani katika Suratu Rahman na katika Suratul Waqia, na wanavyuoni wengine hulieleza kuwa ni kila mmea wenye kunukia vizuri. Imepokewa pia katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliagiza kuwa anayepewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Mimi nililetewa, na sikuikataa tu, bali nilitupa. Hadithi hii nimeifundisha miaka na miaka.

Sisemi kuwa kila jambo katika habari hii lina ruhusa wazi. Kikuba mahali pake ni ndani, nyumbani, mbele ya mume na katika mikusanyiko ya wanawake. Mwanamke hatoki barabarani kwa kunukia ili wanaume wageuke, na bibi zetu walilijua hilo vizuri, wakivua kikuba kabla ya kujitanda baibui. Wala israfu haifai, iwe ya maua mabichi au ya plastiki. Lakini hapo naona Wajapani na Bi Mkubwa wanakutana, kwa maana tawi moja na asumini moja hazimfilisi mtu.

Wanatofautiana kwa mengine. Maua ya Mjapani ni ya jicho. Mtu hukaa mbele yake akayatazama. Kikuba ni cha pua, na uzuri wake mwingi umefichwa chini ya leso. Mjapani ataka uone kila tawi peke yake. Mfungaji wa kikuba ataka usijue ni ua gani unalolinusa, maana zote zimekuwa harufu moja. Nilimweleza Bi Mkubwa habari hii ya matawi matatu na vipimo vyake, akafikiri kidogo, akasema, "Hao wana mabakuli. Sisi chombo chetu ni mtu."

Akaniambia pia habari za reli. Reli ilifika Korogwe kutoka Tanga mwaka 1902, zamani kabla hajazaliwa, na katika ujana wake ndiyo iliyokuwa ikimletea maua. Dada zake walimfungia asumini na kilua katika majani mabichi ya mgomba, wakamkabidhi mtu anayemjua katika gari la moshi, naye akayapokea stesheni yangali na baridi. Ndivyo alivyofunga vikuba vya nusu ya mabibi arusi wa mji huu, Wasambaa, Wabondei na Wazigua, hata wale ambao pwani hawajaiona. Baadaye alipanda asumini yake mwenyewe uani, na mrehani, na mawaridi. Mkilua alipanda mara mbili. Wa kwanza uliliwa na mbuzi. Wa pili ulifika kimo cha mtoto wa miaka kumi, ukatoa maua misimu miwili, kisha ukaja mwaka wa ukame ukakauka.

Nilimuuliza ni nani amemfundisha kazi hii. Akasema ana binti watatu na wajukuu wa kike tisa, na wote walimwambia kuwa maua huuzwa dukani. Huyu mmoja tu ndiye aliyeanza kukaa karibu na ungo wake mwaka jana, na ndiye aliyekwenda kutafuta katika simu kama kuna watu wengine duniani wanaofanya kazi kama ya bibi. Hapo ndipo alipowakuta Wajapani. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipofahamu nilitupa nini.

Jumatatu iliyofuata binti alirudi chuoni, baada ya mimi kumwomba yeye mwenyewe na si kumwagiza. Nilisimama mbele ya watoto wote thelathini na mmoja nikasema kwamba wiki iliyopita nilitoa hukumu katika jambo nisilolijua, na kwamba aliyedakia alisema nusu ya habari nami nikaikamilisha kwa ujinga. Wadogo walicheka. Wakubwa hawakucheka. Kisha nikamwomba binti apange tena, akasema angependa safari hii kutumia kichwa cha mlingoti wa mkonge, lile tawi la juu lenye vitumba, kwa sababu mkonge ndio mti wa hapa kwetu na hauchanui ila mara moja, kisha hufa. Wavulana wawili wakaenda kuutafuta kwenye mashamba ya zamani, mmoja wao akiwa ni yule aliyedakia. Walirudi na kipande kirefu kuliko meza, ikabidi kikatwe.

Alhamisi ya wiki ile Bi Mkubwa aliletwa kwa bajaji, akakaa kwenye jamvi uani kwa chuo, akawafundisha wasichana kumi na wawili kufunga uzi. Hufundisha kwa kushika vidole vya mtoto, kwa sababu haoni anachokifanya mtoto huyo. Alifika pia mama mmoja wa Kabuku aliyekuja kumtazama mwanawe, akaketi nao mpaka Magharibi. Vikuba vya siku ya kwanza vilikuwa vibaya sana, vingine vilifumuka kabla ya kufika mlangoni. Cha yule binti kilishika.

Bi Mkubwa hakuridhika na kimoja. Alikinusa kila kimoja kisha akasema hakina kilua, na kikuba kisicho na kilua kwake ni mchuzi usiotiwa chumvi. Nasi hapa Korogwe tumetafuta katika nyua zote tunazozijua, na ndugu zangu wa Handeni wametafuta upande wa kwao, tusipate mti. Basi msomaji wa Pangani, Muheza au Tanga mwenye mkilua uani kwake, au ajuaye msitu ambao ungalipo, tafadhali aatike mbegu mbili tatu. Miche ikishika mizizi na atuarifu kwa kuwaandikia wahariri wa gazeti hili, nasi tutaifuata wenyewe kwa basi. Uzio wa kuzuia mbuzi wavulana wamekwisha kuujenga, na zamu ya kumwagilia maji imeandikwa ubaoni, chini ya majina ya waliochelewa.